Uzio wa mafuta si ukuta: hesabu ya kuongeza kizuizi cha ulinzi kwenye maboya

Meli ya mafuta ikifunga gatini huzungushiwa mstari wa maboya ya rangi ya chungwa au njano, na kwa mtu aliye ufukweni mstari ule unafanana sana na ua. Basi wazo huja lenyewe: ikiwa ua upo tayari, kwa nini tusisimamishe nguzo na wavu juu yake, tukapata kwa gharama moja kitu cha kuzuia mafuta yasitoke na boti isiingie?

Inawezekana. Lakini anayekwenda kununua mabomba na wavu kabla ya kupiga hesabu ataishia na kitu kisichozuia mafuta wala boti. Uzio wa mafuta unatakiwa uwe mwepesi na mlegevu, upande na kushuka na kila wimbi. Kizuizi cha ulinzi kinatakiwa kisimame juu ya maji, kionekane, na kihimili tani kadhaa zinazokuja kwa ghafla. Kazi yote ya mbunifu ni kuhakikisha mzigo wa hicho cha pili haupiti kwenye mwili wa cha kwanza.

Uzio wa mafuta unavyofanya kazi

Kipande kimoja cha uzio kina sehemu tano. Kuna boya lenyewe, mara nyingi povu gumu lililofungwa ndani ya turubai la PVC. Kuna kimo cha juu ya maji kinachozuia mafuta yasirushwe na mawimbi. Chini inaning'inia sketi, kitambaa cha sm 30 hadi 90 kutegemea mahali. Kwenye pindo la sketi umeshonewa mnyororo wa kuinyoosha, na mnyororo huohuo ndio hubeba mvutano wa uzio mzima, wakati mwingine ukisaidiwa na kebo ya juu. Mwisho ni viungio vya kuunganisha kipande na kipande.

Udhaifu wake mkubwa ni kasi ya maji. Mkondo ukiupiga uzio moja kwa moja kwa zaidi ya noti 0.7, yaani kama mita 0.35 kwa sekunde, mafuta huanza kunyofolewa na kupita chini ya sketi, hata sketi ingekuwa ndefu kiasi gani. Ndiyo maana penye mkondo uzio hulazwa mshazari: kwa noti 1.4 pembe na mkondo isizidi nyuzi 30, kwa noti 2 isizidi 20. Kumbuka jambo hili, kwa sababu watu wa ulinzi hupenda mstari uliokatisha mkondo moja kwa moja, na mstari wa namna hiyo huruhusu mafuta kupita.

Mzigo wa maji hukadiriwa kwa kanuni rahisi: zidisha 26 kwa eneo la sketi kwa mita za mraba, kisha kwa kasi ya mkondo kwa noti iliyozidishwa yenyewe. Jibu ni kilo. Uzio wa mita 100 wenye sketi ya sm 60 hubeba kilo 390 mkondo ukiwa noti 0.5. Ukifika noti 1 ni kilo 1,560. Ukifika noti 2 ni zaidi ya tani 6. Mkondo ukiongezeka maradufu, mzigo unakuwa mara nne.

Kwa nini ulinzi na uchafuzi vikakutana

Tarehe 12 Oktoba 2000, boti ndogo iliyojaa milipuko ilisogea ubavuni mwa manowari ya Marekani USS Cole bandarini Aden, Yemen, na mabaharia 17 wakauawa. Miaka miwili baadaye, 6 Oktoba 2002, meli ya mafuta Limburg ilishambuliwa kwa njia hiyohiyo karibu na pwani ya Yemen, na takribani mapipa 90,000 ya mafuta ghafi yakamwagika Ghuba ya Aden. Kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, ISPS, zikaanza kutumika 1 Julai 2004, na kila bandari inayopokea meli za kimataifa ikatakiwa kuonyesha inavyodhibiti eneo la maji linalozunguka gati.

Jeshi la Wanamaji la Marekani liliweka kwenye bandari zake vizuizi vya maboya makubwa yenye fremu za chuma na wavu wa nailoni. Wavu ule hauisimamishi boti kama ukuta. Huikamata na kwenda nayo, na maboya yanayoburutwa majini hula nguvu yake. Tutarudi kwenye jambo hili, maana ndilo linaloamua kama kebo itakatika.

Si kila gati linahitaji hivyo. Kabla ya kuchora chochote, amua unataka kipi kati ya haya: kuonyesha mpaka, ili mvuvi asijikute ndani kwa bahati mbaya, kuchelewesha, ili mtu anayetaka kuingia atumie dakika kadhaa na doria imfikie, au kusimamisha boti inayokuja kwa kasi. Kwa magati mengi ya pwani yetu, mawili ya kwanza ndiyo yanayohitajika. La tatu ni mradi wa nguzo zilizopigiliwa baharini, na gharama yake ni ya namna nyingine kabisa.

Uzito si tatizo, kimo ndicho tatizo

Tupige hesabu ya ua wa kawaida. Bomba la mabati la kipenyo cha mm 48 lenye unene wa mm 3.2 lina karibu kilo 3.6 kwa mita. Nguzo ya mita 1.5 ni kilo 5 na ushei, na ukiweka moja kila mita 2 umeongeza kilo 2.7 kwa kila mita ya uzio. Wavu wa waya wa kimo cha mita 1.2 ni kama kilo 2.4. Kebo mbili za chuma za mm 16 ni kilo 2. Weka kilo moja ya vibanio na boliti. Jumla kilo 8 kwa mita.

Boya la mviringo la kipenyo cha sm 30, likiwa limezama nusu, litashuka chini ya sm 3 kwa mzigo huo. Fundi akiona hivyo hufurahi, kisha siku ya kuushusha majini ua unalala ubavu.

Boya la mviringo ni kama gogo: lenyewe halijali upande gani uko juu. Kinacholifanya lisimame ni uzito ulio chini peke yake. Mnyororo wa mm 10 una kilo 2.2 kwa mita, uko kama sm 70 chini ya kitovu cha boya, na majini hupoteza kama asilimia 13 ya uzito wake. Ua wako una kilo 8, na wastani wa kimo chake ni sm 70 juu ya kitovu. Chini kilo 1.9, juu kilo 8, mkono wa urefu uleule. Hakuna cha kujadili.

Dawa ya haraka ni kuongeza mnyororo. Kufikia usawa tu, kabla ya upepo na wimbi, utahitaji mnyororo wa zaidi ya kilo 9 kwa mita, ule mzito wa mm 20. Umeusimamisha ua, lakini sasa uzio ni mzito mno kupanda na wimbi dogo, na mafuta yanapita juu yake.

Dawa ya kweli ni upana. Mvuvi wa ngalawa anaijua: mtumbwi mwembamba hausimami na tanga hadi utiwe matengo, yaani mbao zinazoelea pande zote mbili zisiuache upinduke. Weka maboya mawili sambamba, yaachane mita 1.2, yaunganishwe kwa fremu, na nguzo isimame katikati ya fremu. Uthabiti unaongezeka kwa mraba wa umbali kati ya maboya, kwa hiyo hapo mnyororo wa sketi hauna tena kazi ya kushikilia nguzo, unabaki na kazi yake ya kunyoosha kitambaa. Fremu moja isizidi mita 2 au 3 kwa urefu. Fremu ya mita 6 hukaa juu ya vilele viwili vya mawimbi kama daraja, na katikati hewa inapita. Kati ya fremu na fremu weka kiungio cha mpira, sio bawaba ya chuma, maana pini ya bawaba husagika usiku na mchana.

Upepo nao una hesabu yake, ileile ya 26, ila kasi ya upepo kwa noti hugawanywa kwa 40 kabla ya kuzidishwa yenyewe. Ua wa mita 100, kimo mita 1.2, ukiwa umezibwa kabisa, kwenye kusi, ule upepo wa kusini, la noti 25 hubeba kilo 1,200. Wavu ambao waya zake zinaziba sehemu moja tu ya tano ya eneo hubeba kama 240. Basi asitokee mtu wa masoko akatundika bango la kampuni kwenye ua huo. Bango ni tanga.

Mvutano: kosa la kukaza

Uzio ulionyooka kama rula unapendeza kwenye picha, na hakuna kosa linalorudiwa zaidi ya hili. Chukua ule mzigo wa kilo 1,560 kwa mita 100 kati ya nguzo mbili zilizopigiliwa baharini. Ukiuacha uzio ulegee hadi katikati yake iwe imerudi nyuma mita 20, kila mwisho unavutwa kwa kama kilo 1,250. Ukiukaza hadi urudi mita 5 tu, kila mwisho unavutwa kwa karibu tani 4. Mkondo haujabadilika hata kidogo, ni umbo tu.

Kwa boti inayogonga, tofauti ni kubwa zaidi. Boti ya tani 2 inayokuja kwa noti 30, kama mita 15 kwa sekunde, ina nguvu ya mwendo ya kilojuli 225. Boti ya faiba ya tani moja kwa noti 20 ina kama 50. Nguvu hiyo lazima iishie mahali, na swali ni ndani ya mita ngapi. Chukua ile kubwa, igonge katikati ya nafasi ya mita 40 kati ya nguzo. Wavu ukiachia mita 5, yaani ukirudi nyuma umbali huo kabla boti haijasimama, nguvu ya wastani ni tani 4.6 na kilele ni kama maradufu, tani 9. Kwa kuwa kebo inavutwa kwa pembe iliyolala sana, mvutano ndani yake unafika karibu tani 19. Kebo ya chuma ya mm 16 hukatika kwenye tani 16 hivi. Wavu ukiachia mita 10 badala ya 5, hesabu ileile inatoa mvutano wa tani 5 tu. Kebo ileile, boti ileile.

Kwa hiyo kinachookoa kizuizi ni kule kuachia. Tumia nailoni kwenye wavu na kwenye ncha za kebo, kwa sababu nailoni hunyumbuka sana kabla ya kukatika. Polyester hunyumbuka kidogo, na kebo ya chuma karibu haina kitu. Na kebo ya ulinzi ipite kwenye fremu za maboya kutoka nguzo hadi nguzo, isishikane na turubai la uzio mahali popote. Sketi itundikwe kwenye fremu kwa vifungo vinavyoteleza au vinavyokubali kung'oka, ili siku ya kugongwa sketi iachane na fremu ikiwa nzima. Uzio ulioshonwa pamoja na wavu huchanika wote, na hapo ndipo meli iliyopasuka inapouhitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Mstari mmoja au miwili

Kama nafasi ipo, weka miwili: ulinzi nje, mafuta ndani. Ulinzi ukiwa ndani, boti inayoingia itakuwa imeshaukata uzio wa mafuta kabla haijafika kwenye wavu. Umbali kati ya mistari uzidi ule wa wavu kuachia, na uongeze mchezo wa nanga wakati maji yanapogeuka. Kwa mfano wa mita 10 hapo juu, mita 15 hadi 20 inatosha. Nafasi hiyo pia ndiyo njia ya boti ya kunyonya mafuta.

Mstari mmoja wa pamoja hufaa kwenye mifereji myembamba na mbele ya vichoteo vya maji vya mitambo, ambako hakuna pa kuweka miwili. Hapo tumia fremu za maboya mawili tangu mwanzo, usikarabati uzio wa zamani.

Na kama ulichonacho ni uzio wa zamani na bajeti ndogo, kuna kazi moja yenye faida: pitisha kebo ya mm 8 au 10 ndani ya mfuko wa turubai juu ya boya, kutoka mwisho hadi mwisho, iwe huru ndani ya mfuko. Kisu kinakata PVC kwa sekunde chache. Kebo inadai mkasi wa chuma na muda. Ongeza maboya ya njano yenye alama ya X juu na taa ya njano, kama mfumo wa kimataifa wa alama za majini unavyotaka kwa maeneo maalumu. Huo ni mpaka unaoonekana na unaochelewesha. Usiuite zaidi ya hivyo kwenye ripoti.

Maji kupwa, maji kujaa

Mombasa na Dar es Salaam, tofauti ya maji ya bamvua, yaani ya kupwa na kujaa kukubwa, huzidi mita 3 na bamvua kubwa hukaribia 4. Uzio uliofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya gati maji yakiwa yamejaa, yakipwa utaning'inia hewani kama kamba ya nguo, na mita kadhaa za mwisho hazizuii chochote. Kila mwisho unahitaji boya dogo linalopanda na kushuka ndani ya reli iliyofungwa kwenye nguzo. Reli ianze nusu mita chini ya maji ya chini kabisa na iishie mita moja juu ya maji ya juu kabisa. Chaza na kome hukaa humo ndani na kulikwamisha boya. Reli isiyokwanguliwa kwa miezi michache ni sawa na kamba iliyofungwa.

Nanga nazo hudanganya. Jiwe la zege la tani moja, likiwa ndani ya maji ya bahari, lina uzito wa kilo 570 hivi. Juu ya mchanga huanza kuteleza likivutwa kwa kama nusu ya hapo, tuseme kilo 300. Ile kebo ya tani 5 ingedai mawe 17 kila upande, na ndiyo sababu kizuizi cha kusimamisha boti huishia kwenye nguzo zilizopigiliwa. Kwa uzio wa mafuta peke yake, nanga yenye makucha kwenye mchanga au tope hushika vizuri kuliko zege la uzito uleule, ilimradi kamba yake iwe mara tatu hadi tano ya kina cha maji, ikipimwa maji yakiwa yamejaa. Kati ya kamba ya nanga na uzio weka boya la kati, mita 2 au 3 mbele. Bila hilo nanga inavuta kuelekea chini, inazamisha uzio mahali palepale unapovutwa sana.

Kinachokuja ambacho hakikualikwa

Wavu hukamata kila kitu. Aprili 2020 kisiwa cha mimea kilichoelea kutoka Ziwa Victoria kilifika bwawa la Nalubaale, Jinja, kikaziba mitambo, na umeme ukakatika karibu Uganda nzima. Ziwani, wavu wowote wa kwenye maji utakutana na gugumaji. Baharini utakutana na mwani, mifuko na kamba zilizokatika. Wavu uliojaa magugu si wavu tena, ni ukuta, na hesabu ya upepo na mkondo inarudi kwenye tarakimu za juu. Kwa hiyo ukingo wa chini wa wavu uishie sm 20 au 30 juu ya maji, na pengo lililobaki lipitishwe kebo mbili za mlalo. Wavu wa chini ya maji, dhidi ya wapiga mbizi, ni uamuzi mwingine: unanasa kasa, unazamisha maboya, na bila mtu wa kuuangalia kila siku hauna maana.

Mlango ndio sehemu inayosahaulika kwenye michoro na kulaumiwa kila siku baada ya hapo. Upana wake uzidi boti kubwa ya huduma angalau mara mbili, uwekwe upande ambao mkondo hausukumi moja kwa moja, na ufungwe kwa ndoano inayoachia hata ikiwa chini ya mvutano. Shakeli, yaani pingu ya chuma yenye pini, haifunguki ikiwa imevutwa na tani moja. Ufunguo ukae kwa mlinzi wa zamu aliye gatini, kwa sababu mafuta yakimwagika saa tisa usiku boti ya kunyonya itakuwa nje ya mlango ikimsubiri mwenye ufunguo. Wavuvi wanaopita eneo hilo waonyeshwe mstari kabla haujawekwa, kupitia viongozi wao wa ufukweni. Kebo isiyoonekana gizani, ikiwa kwenye kimo cha kifua cha mtu aliye ndani ya mtumbwi, inaua.

Kujaribu na kutunza

Usijenge mita 300 kwa mpigo. Jenga mita 10, zishushe mahali penye maji tulivu, chora mstari wa maji kwa rangi kwenye kila boya. Kisha vuta kilele cha nguzo kwa kamba hadi fremu iinamie nyuzi 30 na uachie: irudi yenyewe, bila kusukumwa. Iache siku 14 ili ipitiwe na bamvua moja na maji mafu, halafu itoe uangalie panaposagika. Karibu kila mara ni palepale, kwenye shakeli za viungio na mahali kebo inapotoka kwenye fremu. Pini za shakeli zifungwe kwa waya zisijifungue zenyewe. Usichanganye boliti za chuma cha pua na mabati bila kitenganishi cha plastiki, na weka zinki, zile zinazoliwa na kutu badala ya chuma chenyewe.

Baada ya hapo, kipimo cha kila mwezi ni ule mstari wa rangi. Boya likiwa limezama sm 5 chini ya alama, lina chaza wengi kuliko linavyoweza kubeba, au povu limeanza kunywa maji. Likwanguliwe kwanza, likikataa kurudi juu, libadilishwe kabla ya kusi kuanza Aprili.